Mama, zima nje

Haya niliyasema mbele ya wazazi wa jamii yetu hapa Buffalo, jimbo la New York, Jumamosi iliyofuata tarehe 13 Juni, ambayo ni Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino. Nimeyaandika kwa ajili ya wale waliokuwa zamu kazini wakashindwa kufika.

Wazee wangu, shikamooni. Wachungaji, masheikh, kina mama na kina baba mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja na watoto, asanteni sana. Na ninyi vijana mliosimama kule mlangoni, sogeeni mbele mkae, maana nusu ya ninayotaka kusema inawahusu ninyi mnaotuendesha.

Leo nataka tuzungumzie vioo vya gari. Najua mlitegemea nizungumze habari za ngozi, kofia na mafuta ya kuzuia jua. Hayo tumeyasema miaka yote na tutaendelea kuyasema. Lakini kuna jambo linalowatesa watoto wetu kila siku asubuhi na jioni, ndani ya magari yetu wenyewe, na lina ufumbuzi ulioandikwa kwenye sheria, na wengi wetu hatujui kama upo.

Mwanangu ana ualbino. Tulipofika hapa alikuwa na miaka sita, na ilikuwa Januari. Mimi nimetoka Mwanza, na moyoni nilikuwa nimeshashukuru kwamba jua tumeliacha kule. Siku moja tunapita barabara namba 5, ile ya kando ya Ziwa Erie, theluji imeanguka usiku kucha, asubuhi mbingu imetakata na jua liko chini kabisa, linaingia dirishani upande wake. Nikasikia anahangaika na mkanda. Kutazama kwenye kioo, kavua koti, kajifunika kichwa chote. Akaniambia, "Mama, zima nje."

Sikuwa na la kumjibu. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 au zaidi ya mwanga unaoipiga. Mtoto alikuwa anapigwa na jua kutoka juu na jua jingine kutoka chini. Nyumbani angalau kulikuwa na mwembe.

Niwaeleze kidogo jicho lenyewe, kwa sababu ukilielewa utaweza kulisemea. Ile duara yenye rangi inayozunguka mboni kazi yake ni kama pazia: inazuia mwanga, na kuacha mboni tu ndiyo mlango. Kwa mtu mwenye ualbino rangi ni kidogo mno, kwa hiyo pazia lile ni chandarua. Mwanga unapita mlangoni na unapita ukutani pia. Ukishaingia ndani, ule utando wa nyuma unaopokea picha nao hauna rangi ya kutosha ya kuumeza mwanga uliozidi, basi unatapakaa ndani ya jicho. Ndiyo maana mtoto anafumba, anainamisha kichwa, anatokwa machozi. Hajidekezi. Na yale macho kuchezacheza, kwenda kulia na kushoto bila yeye kutaka, nayo ni sehemu ya hali hiyohiyo. Miwani ya namba inaweza kusaidia uoni kiasi, lakini haiyatulizi macho wala haiyapi rangi yaliyoikosa.

Tena si ualbino peke yake. Yupo aliyezaliwa bila ile duara ya rangi kabisa. Yupo asiyeona rangi hata moja, ambaye mwanga wa mchana unamfuta kila kitu machoni. Yupo mwenye uvimbe ndani ya jicho unaokwenda na kurudi, mwenye kovu kwenye kioo cha jicho lililoachwa na trakoma, mwenye kipandauso ambacho mwanga ukikigusa kinamlaza siku mbili. Mzee wangu pale mbele nimekuona unatikisa kichwa. Hotuba hii ni yako pia.

Sasa tuje kwenye sheria, halafu nitawaambia kosa nililolifanya mimi.

Hapa New York kioo cha mbele cha gari, ukiacha inchi sita za juu, na vioo vya pembeni vya mbele lazima vipitishe mwanga usiopungua asilimia 70. Kama gari lako ni saluni, yaani gari dogo la kawaida lenye buti, hata vioo vya pembeni vya nyuma vinabanwa na kipimo hichohicho. Tinti, ile karatasi ya kutia giza inayobandikwa kwenye vioo, huuzwa kwa namba, na namba inapopungua giza linaongezeka: ya 50 ni nyepesi, ya 20 ni nzito, ya 5 ni usiku mtupu. Na tangu tarehe 1 Januari 2017, gari linapokwenda kwenye ukaguzi wa mwaka, mkaguzi anapima vioo pia. Kioo kikishindwa, gari limeshindwa.

Mimi baada ya siku ile ya theluji nilikwenda kwa fundi wa tinti. Nikamweleza habari za mtoto, akasikitika kweli, akaniambia usiwe na wasiwasi, nitakubandikia ya 70, hiyo ndiyo halali. Nikalipa. Mwezi wa ukaguzi ukafika, gari likaanguka. Nikabisha pale, nikatoa risiti, nikaonyesha imeandikwa 70. Mkaguzi akaninyoshea kile kidude cha kupimia: 56.

Ndugu zangu, hesabu yake ni hii. Kioo kinachotoka kiwandani chenyewe hakipitishi mwanga wote. Tuseme kinapitisha asilimia 80. Ukikibandika tinti ya 70, unapata asilimia 70 ya ile 80, yaani 56. Sheria haiulizi umebandika nini, inauliza mwanga kiasi gani unaingia ndani. Nikalipa mara ya pili kubandua kile nilicholipia kubandikwa, na mtoto akarudi chini ya koti. Ndiyo maana nasema, na mkisahau mengine hili msilisahau: karatasi ya ruhusa kwanza, tinti baadaye.

Ruhusa hiyo ipo. Sheria ya magari ya jimbo hili inasema mtu ambaye kwa sababu za kitabibu lazima akingwe na miale ya jua anaweza kusamehewa kile kipimo cha asilimia 70. Na haimtaji dereva peke yake. Inamtaja pia abiria wa kawaida wa gari hilo, yaani yule anayepanda kila siku. Wazazi, sikieni vizuri: mtoto wako wa miaka sita asiye na leseni, anayekaa nyuma kwenye kiti chake, anahesabika. Hata kama gari ni la shangazi yake anayempeleka shule, mtoto akiwa ndiye abiria wa kila siku, gari hilo linaweza kuombewa.

Fomu inaitwa MV-80W, inatolewa na DMV, ile idara ya magari ya jimbo. Sehemu moja unajaza wewe, sehemu nyingine anajaza daktari. Inataka jina la mwenye tatizo, sababu, maelezo ya gari lenyewe, na kama daktari anaweza kusema, kiwango cha giza anachokihitaji mgonjwa. Mwombeni daktari akiandike hicho kiwango. Ruhusa isiyosema kiasi inakuachia maswali barabarani. Idara ya Afya ya jimbo imeyataja magonjwa yanayokubalika, na ualbino umo kwa jina lake. Lupasi imo, pofiria imo, yote mawili magonjwa ambayo jua huyachochea, ngozi inayochomwa vikali na jua kwa sababu ya dawa imo, na pia macho kuumizwa na mwanga kunakotokana na ugonjwa wa macho au wa mishipa ya fahamu.

Ila kuna kizingiti, na hapa ndipo maombi yetu yanapokwama. Sheria hiyohiyo inasema ruhusa si ya hali ambayo miwani ya jua au kinga nyingine ya macho inaitosha. Mimi naona kizingiti hiki kina maana yake, maana bila hicho kila anayekunja uso mchana angepewa barua ya ruhusa. Lakini kwa watu wetu kimegeuka ukuta, kwa sababu ya namna tunavyozungumza na madaktari.

Mnajua kazi yangu. Mimi ni mkalimani, na siku nyingi niko kliniki za macho. Mkalimani anasema kilichosemwa, haongezi wala hapunguzi. Siku moja mama mmoja, simtaji, alikuja na binti yake. Daktari akauliza, mtoto ana shida gani na mwanga? Mama akajibu, "Jua linamsumbua." Basi. Maneno mawili. Nikayafasiri kama yalivyo, daktari akaandika miwani ya jua, tukatoka. Tulipofika kwenye korido yule mama akaanza kunieleza. Kwamba mtoto akitoka shule hali chakula mpaka alale saa nzima chumba kikiwa giza. Kwamba usiku anamkanda macho kwa kitambaa cha maji baridi. Kwamba miwani ya jua anayo, tena pea mbili, lakini mwanga unamwingilia pembeni na kwa juu, na akiwa ndani ya gari anafungua mkanda na kushuka kukaa sakafuni kati ya viti. Sakafuni, jamani, gari likiwa katika barabara kuu.

Nikamwambia, mama, yote hayo uliyoniambia mimi, mle ndani hukusema hata moja. Akanijibu, "Si yeye ndiye daktari? Anajua."

Hapo ndipo nilipoamua kwamba nitasimama mbele yenu siku moja. Sisi tumelelewa kutomchosha daktari. Unajibu ulichoulizwa, unashukuru, unatoka. Kwetu hiyo ni adabu. Huku daktari anaandika alichosikia, na asichokisikia hakipo. Tena fikirieni hili: Tanzania inakadiriwa mtu mmoja katika kila 1,400 ana ualbino. Marekani ni kama mmoja katika kila 18,000 hadi 20,000. Wewe umekulia mtaa ambao yupo mtoto mwenye ualbino, na umeona mama yake anavyomfunga kanga kichwani. Daktari wako huenda tangu aanze kazi amewaona wawili au watatu. Usidhani anajua yanayotokea kwenye kiti cha nyuma cha gari lako.

Tulirudi ndani siku ile. Nikamwambia daktari mama ana nyongeza, na mama akasema yote, akilia kidogo. Yule daktari akaweka kalamu chini, akasikiliza mpaka mwisho, akasema ningeyajua haya tangu mwanzo. Fomu ikajazwa siku hiyohiyo.

Kwa hiyo ukienda, usiseme jua linamsumbua. Sema anakaa dakika ngapi kwenye mwanga kabla hajafumba. Sema jua likiwa upande gani ni baya zaidi. Sema miwani aliyonayo ni ya aina gani, anaivaa au anaivua, na ikiwa anaivaa, bado mwanga unampata wapi. Mtoto mdogo anayeitupa miwani, sema anaitupa. Kama ngozi yake nayo inaungua kupitia kioo cha pembeni, vua mkono wa shati uonyeshe, kwa sababu miwani hailindi mkono. Mpige picha akiwa amejifunika koti ndani ya gari, uende nayo kwenye simu. Na ombeni mkalimani. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kukuwekea mkalimani bila malipo, na kaka mkubwa wa miaka kumi na miwili si mkalimani. Msimbebeshe mtoto mzigo huo.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu si kila mmoja hapa anahitaji ruhusa. Nilisema saluni inabanwa vioo vyote vya pembeni. Gari la aina ya van au gari kubwa la familia ambalo limesajiliwa kama la matumizi mengi, vioo vya pembeni vilivyo nyuma ya dereva havibanwi na asilimia 70. Ndiyo maana mengi yametoka kiwandani na vioo vya nyuma vyeusi. Kama bado unatafuta gari na mtoto wako anakaa nyuma, lifikirie hilo kabla ya kununua. Mimi saluni yangu niliiuza.

Na kuna watu hapa shida yao ni ngozi zaidi kuliko macho. Kinachochoma ngozi ni miale ambayo jicho halioni. Kioo cha mbele cha gari kimetengenezwa kwa tabaka mbili zenye utando katikati, na utando huo unazuia sehemu kubwa ya miale hiyo. Vioo vya pembeni kwa kawaida ni vya tabaka moja, vinapitisha zaidi. Zipo karatasi za kubandika kwenye kioo, angavu, zisizo na giza karibu lolote, zinazozuia asilimia 99 ya miale hiyo. Hata hivyo nayo ipimwe ikiwa juu ya kioo, isije ikakushusha chini ya 70. Lakini anayeumia macho asidanganywe kwamba hiyo inamtosha. Kinachoumiza jicho ni mwanga wenyewe unaoonekana, na huo hauzuiliki ila kwa giza.

Vijana wangu, sasa nyie. Tinti mnaipenda, naielewa. Ila mmoja wenu, mdogo wangu kabisa, aliwahi kuniomba nimwazime barua ya mwanangu aiweke kwenye gari lake. Nilikataa na leo nakataa mbele ya wote. Barua ile ina jina la mtoto na maelezo ya gari moja. Ukikamatwa nayo, polisi wa kesho akimsimamisha mama mwenye mtoto kweli, atamtazama kwa jicho la wewe uliyepita jana. Watoto hawa wamebebeshwa ya kutosha. Kanda ya Ziwa nilikotoka wapo waliolala mabwenini miaka mingi kwa kukimbia mapanga, mbali na mama zao. Hiki kipande cha kioo tuwaachie.

Na giza lina hatari yake, lazima tuseme ukweli. Dereva anayeona vizuri, vioo vya mbele vikiwa vyeusi, usiku wa mvua hamwoni mtu anayevuka. Mtu anayevuka naye hamwoni dereva, hajui kama ameonekana. California wanaruhusu kinga ya kitabibu kwenye vioo vya mbele vya pembeni, kwa barua ya daktari au ya mtaalamu wa kupima macho, lakini wanasema isitumike kukiwa giza. Nadhani wamefikiri vizuri. Kama mwenye tatizo ni mtoto wa kiti cha nyuma, weka giza pale alipo yeye, acha mbele peupe. Usiombe zaidi ya jicho linavyohitaji.

Polisi akikusimamisha, na wapo hapa ambao wakiona sare tu mapigo ya moyo yanabadilika, najua mlikopita, fanya hivi. Simama pembeni, shusha vioo, usiku washa taa ya ndani, mikono iwe juu ya usukani. Yule askari anayekuja anaogopa kioo asichoona nyuma yake. Mwambie kwanza, nina ruhusa ya kitabibu ya vioo, iko sehemu fulani, naomba niitoe. Ndipo uitoe. Mimi nimesimamishwa mara tatu kwa vioo. Mara zote tatu nimeonyesha barua, nimeambiwa safari njema.

Wanaotaka kuhama, na najua kuna familia zinafunga mizigo kwenda Texas na nyingine Iowa kufuata viwanda vya nyama: barua ya New York ni ya New York. Texas wao kipimo cha vioo vya mbele vya pembeni ni asilimia 25, huenda usihitaji barua kabisa. Minnesota ni 50. Iowa ni 70 kama hapa, na mwaka 2012 waliacha kutoa ruhusa mpya za kitabibu. Ulizeni kabla hamjafika, msije mkabanduliwa vioo kama mimi.

Swali lililoulizwa mapema na dada mmoja, kama mwanawe mwenye ualbino ataweza kuendesha mwenyewe siku moja: wapo wanaoendesha. Jimbo hili linataka uoni wa 20/40, yaani ukiwa futi 20 usome kile ambacho mwenye macho mazuri anakisoma akiwa futi 40, na wasioufikia, baadhi yao wanaruhusiwa kuendesha na lenzi za darubini ndogo juu ya miwani baada ya mafunzo. Si wote. Mwanangu ana miaka kumi na tano sasa na ameshaniambia anataka. Tutakwenda kupimwa, tukisikia hapana itakuwa hapana, ila tutakwenda.

Nimeleta fomu thelathini, ziko kwenye meza ile karibu na chai. Sehemu ya kwanza tutajaza pamoja leo, nitakaa mpaka wa mwisho amalize. Na kidude cha kupimia vioo nimekiazima, kipo mkobani. Tukitoka hapa tunakwenda wote kwenye maegesho, tunaanza na lile gari la kijivu la mama aliyesema halijawahi kubandikwa kitu. Mwanangu ndiye atakayesoma namba. Mmwekeeni kivuli.